"Ina" au "Itakuwa Na"? Uhakiki wa Miradi Miwili ya Nyumba za Ufukweni

Utangulizi

Mhakiki amezoea kupewa riwaya, tamthilia au diwani. Mimi mwaka huu nilipewa nyumba. Baba yangu mdogo, anayeishi Norway, alinitumia picha, ramani za vyumba na maelezo ya miradi miwili ya fleti za kifahari, yote miwili ikiwa kando ya maji: English Point Marina ya Mombasa na Fumba Town ya Unguja. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi: "Mwanangu, wewe ndiwe unayesomea Kiswahili. Nitafsirie haya, mama yako mdogo ayasome, halafu uniambie tuchukue ipi."

Mama mdogo ni mzaliwa wa Kigoma. Walikutana katika kambi ya Mtabila, ambako baba mdogo alifikia baada ya Kamenge kuhamwa kwa vita mwaka 1995. Kazini anatumia Kinorwe, nyumbani Kiswahili. Kiingereza anakijua cha kusalimiana. Naye alishatamka kwamba akiba yao ya miaka ishirini haitatoka benki kwa karatasi asiyoisoma mwenyewe. Ndiyo maana kazi hii ikaletwa Kamenge, kwa mtu ambaye hajawahi kuiona bahari.

Nilianza kama mfasiri nikaishia kuwa mhakiki, kwa sababu nilikwama mahali padogo sana: kwenye kiambishi cha njeo. Katika makala haya ninaisoma miradi hii miwili kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, yaani msemaji wake ni nani, anasema na nani, anatumia taswira gani na ananyamazia nini. Hoja yangu ni kwamba matangazo ya nyumba za ufukweni yanauza mahali, ilhali mnunuzi analipia muda. Anayetaka kuchagua kati ya mradi na mradi hana budi kusoma nyakati zake kabla ya kuzitazama picha zake.

Majina na mandhari

Tuanze na majina, maana ndiyo mlango wa matini. English Point ni ncha ya ardhi upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikitazamana na Mji wa Kale. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita eneo hilo bila kusimama. Ni upande huo wa bara alikozikwa mke wa Ludwig Krapf mwaka 1844, miezi michache tu baada ya mmisionari huyo kufika Mombasa. Krapf ndiye aliyeandaa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka 1882, akiwa amekwisha kufariki. Pwani ambayo kazi za kamusi za lugha yetu zilianzia leo inauzwa kwa jina la Kiingereza, na maelezo yake hayana habari hata moja ya Kiswahili.

Mandhari inayouzwa pale ni Mji wa Kale na Ngome ya Yesu. Ngome hiyo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 ili kuuchunga mlango wa bandari, na tangu mwaka 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Ni mandhari nzuri, sibishi. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza: katika picha hiyo watu wa Mji wa Kale wako wapi? Nyumba zao zinaonekana, paa zao zinaonekana, taa zao zinang'aa juu ya maji usiku. Wao wenyewe hawamo. Wamegeuzwa pazia la mtu mwingine.

Fumba ni rasi iliyoko kusini-magharibi mwa Unguja. Kwetu sisi tunaosoma maneno, jina hili linafurahisha. Kufumba ni kufunga, kama kufumba macho au kiganja. Na fumba ni mfuko uliosukwa kwa ukindu, ambao mtu aliweza hata kulalia ndani yake. Sidai kwamba jina la rasi limetoka huko. Ninasema tu kwamba msomaji wa Kiswahili analisikia jina hili kwa masikio mawili, na mwuzaji analisikia kwa moja. Ndani ya mradi kuna majengo yaliyopewa majina ya Kiswahili, kwa mfano Moyoni. Kuna pia mnara uliotangazwa mwaka 2021 kwa jina la Burj Zanzibar. Sisi tunalo neno buruji, lililotoka kwenye mzizi huohuo wa Kiarabu na kukaa pwani kwa karne nyingi, lakini waliotoa jina waliruka Kiswahili wakaenda kuazima Dubai.

Katika miradi yote miwili, basi, Kiswahili kinafanya kazi ya shanga: kinavalishwa pale panapohitaji kupendezeshwa. Habari zenyewe, bei, masharti na miaka, zilinifikia kwa Kiingereza. Hili lingekuwa lalamiko la mwanafunzi tu kama mama mdogo asingekuwa mnunuzi. Yeye ni Mswahili mwenye fedha mkononi, anataka kununua nyumba katika nchi ya Waswahili, na hana ukurasa wa kusoma.

Njeo

Sasa nifike nilipokwama. Maelezo ya nyumba za aina hii huandikwa kama orodha: bwawa la kuogelea, bustani, duka, mkahawa, ulinzi saa ishirini na nne, maegesho ya boti. Orodha haina kitenzi. Katika Kiswahili unaweza kuiacha hivyo, lakini ukitaka sentensi kamili lazima useme "kuna", au "kutakuwa na", au "kumejengwa". Katika rasimu ya kwanza niliandika "kuna" kila mahali. Mama mdogo akanirudishia ujumbe: "Mwanangu, hilo bwawa liko, au litakuwako? Mimi niliwahi kuuza dagaa. Dagaa waliomo ndani ya ziwa na waliomo ndani ya ungo hawana bei moja."

Swali hilo ndilo lililonifungulia uhakiki huu. Nilirudi kwenye Fumba Town nikaigawa kwa viambishi vitatu. Mradi huu, unaoendeshwa na kampuni ya CPS, umekuwa ukijengwa tangu katikati ya miaka ya 2010. Zimo nyumba zilizokwisha, na watu wanaishi humo wakiwa na watoto na takataka zao: hizo ni za -me-. Zimo zinazojengwa: hizo ni za -na-. Na zimo ambazo ni michoro: hizo ni za -ta-. Burj Zanzibar ilitangazwa kuwa na ghorofa 28 na urefu wa mita 96, kwa mbao zilizounganishwa na zege, na ilianza maisha yake katika kundi hilo la tatu. Kosa la kifani la matini za mauzo ni kwamba makundi haya yote matatu yamechorwa chini ya jua lilelile, na majani yaleyale ya minazi, na watu walewale wasio na kivuli. Mchoro wa kompyuta haujui njeo. Anayeutazama anaona kitu kilichopo.

Ukilinganisha na hapo, English Point Marina inaonekana kushinda bila taabu. Majengo yamesimama. Unaweza kupanda lifti, kufungua bomba, kuhesabu nyufa. Kila kitu ni cha -me-. Kama kazi ya fasihi, hiyo ni hadithi fupi iliyokwisha, ilhali Fumba ni riwaya inayotolewa sura kwa sura, na msomaji analipia sura ambayo mwandishi hajaiandika.

Hata hivyo -me- ya kuta na -me- ya karatasi ni vitu viwili. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya Kenya viliripoti kwamba benki ya KCB imeiweka kampuni inayomiliki English Point Marina chini ya msimamizi wa mali kwa sababu ya deni. Jengo lilikuwa limekwisha. Deni lilikuwa halijaisha. Hapa inafaa kueleza jinsi jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu picha haiwezi kulieleza. Mjenzi anapokopa, aghalabu huweka rehani ardhi yote ambayo jengo limesimama juu yake. Fleti ikiuzwa kabla rehani hiyo haijaondolewa, mnunuzi anahitaji karatasi ya benki inayosema kwamba sehemu yake imeachiliwa. Akiwa nayo, na akiwa na hati ya sehemu yake mwenyewe, deni la mjenzi ni la mjenzi. Akiwa hana, anaweza kuwa na funguo mfukoni huku amesimama nyuma ya benki kwenye foleni. Sisemi kwamba wanunuzi wa pale wako katika hali hiyo. Ninasema kwamba hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza pale, nalo halina picha.

Miaka

Njeo ya tatu ya nyumba hizi ni ile ambayo wanaouza huitaja kwa maandishi madogo: mwisho.

Baba mdogo alikuwa akisema "nitamiliki milele". Si Mombasa wala Unguja inakowezekana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Kuna Warundi wanaodhani kwamba kwa kuwa nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, sisi si wageni tena Kenya. Kwa ardhi tungali wageni: Itifaki ya Soko la Pamoja, kifungu cha 15, inaliacha suala la ardhi kwenye sera na sheria za kila nchi.

Zanzibar ardhi yote ni ya umma tangu ilipotaifishwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwekezaji hupewa kwa ukodishaji. Juu ya ardhi hiyo, Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa mtu kumiliki sehemu ya jengo pamoja na fungu lake katika vitu vya wote: ngazi, paa, bustani, tangi la maji. Mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Kenya nayo ina sheria yake ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020.

Kote, kwa hiyo, bidhaa ni miaka. Na miaka ina tabia ambayo vyumba havina: inapungua. Mtu anayenunua fleti katika mwaka wa kumi wa ukodishaji wa miaka 99 ananunua miaka 89, hata kama rangi ya ukuta ni mpya. Nilitafuta tarakimu hiyo katika karatasi nilizotumiwa, yaani mwaka ambao ukodishaji utaisha, na sikuiona. Idadi ya hatua kutoka kitandani hadi kwenye roshani niliipata.

Jambo jingine la muda ni ada ya huduma. Lifti, jenereta, walinzi na bwawa hulipiwa kila mwezi na wenye fleti wote, wawe wanaishi humo au la. Jengo lililo karibu na chumvi ya bahari hula chuma na rangi upesi kuliko jengo la bara. Bei ya kununua hutajwa mara moja. Ada hii haina mwisho. Kwa watu wawili wanaokaribia kustaafu, ndiyo bei halisi.

Maji

Hapa ninaomba msomaji arudi nami Kamenge. Mtaa wetu uko kaskazini mwa Bujumbura, mbali na ziwa, na hakuna aliyewahi kututangazia mandhari ya maji. Lakini maji tunayajua. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua ilishuka kutoka milimani ikapita Kamenge, Kinama na vitongoji vya jirani, na zaidi ya watu 60 walikufa. Tangu usiku ule nikisikia maneno "karibu na maji" siwazi kiti cha kupumzikia. Nawaza ukuta wa tofali mbichi na mlango unaofungukia ndani.

Walioishi ufukweni hasa, ndugu zetu wa Gatumba, Kajaga na Kibenga, wamefundishwa na ziwa lenyewe. Tanganyika lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Katika karne ya 19 njia hiyo iliziba, ziwa likapanda sana, mpaka mnamo mwaka 1878 maji yakauvunja ukingo na ziwa likaanza kushuka kwa miaka mingi. Mwaka 1964 lilipanda tena. Kisha miaka hii ya karibuni likarudi: likaingia nyumba za ghorofa, mahoteli ya ufukweni, barabara ya Gatumba na bandari. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024 mvua na mafuriko viliwaathiri watu zaidi ya 200,000 nchini Burundi. Kibenga hawakuwa wakiishi maskini. Wengi wao walijenga nyumba nzuri, kwa fedha halali, pahali palipokuwa pakavu walipopanunua.

Je, sheria ilinyamaza? Haikunyamaza. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inauweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika katika mali ya umma. Sheria ilikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko mnunuzi. Mtu aliyelitazama ziwa aliona mahali. Sheria ilikuwa ikihesabu miaka.

Najua bahari si ziwa. Bahari Hindi haizibwi kama Lukuga. Ina saa yake: inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji pale Mombasa na Unguja hufikia kama mita nne. Lakini hilo nalo lina funzo la kihakiki. Tazama tena picha za mauzo: maji yamejaa. Karibu katika picha zote nilizotumiwa bahari imefika mguuni mwa nyumba, imetulia, ni ya buluu. Maji yakipwa, ufukwe wa Waswahili ni mahali pa kazi. Watu huteremka kuokota kombe na kuchokoa pweza, madau hulala ubavu, matope na majani ya bahari hunuka. Fumba inapakana na Ghuba ya Menai, ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997 kwa sababu ya samaki, matumbawe na mikoko yake, na kwa sababu wavuvi wa vijiji vyake wanaitegemea. Nusu ya siku, mandhari ambayo mnunuzi ameilipia ni kiwanda cha jirani yake.

Na ufukwe wenyewe si wa mnunuzi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo kile ambacho bei ya fleti inapandishiwa, yaani ukingo wa maji, ndicho pekee ambacho mwuzaji hana cha kuuza. Anauza dirisha.

Hukumu

Uhakiki usiotoa hukumu ni muhtasari, na baba mdogo hakuniomba muhtasari. Kwa hiyo ninahukumu.

Kwa ubora wa kazi iliyokwisha, English Point Marina iko mbele. Iko mjini, hospitali na soko viko karibu, na mnunuzi anaona anachonunua. Lakini kwa mtu aliyeko Oslo, asiyeweza kupanda ngazi za ofisi ya ardhi Mombasa kila wiki, jengo lenye historia ya deni linadai uangalizi ambao yeye hataweza kuutoa. Asilipe shilingi kabla ya kuona hati ya sehemu yenyewe na, kama bado kuna rehani, karatasi ya benki ya kuiachilia.

Fumba Town ninaipendelea kwa sababu moja ambayo matangazo yake hayaipigii debe vya kutosha: ni mji, una njia, maduka na majirani wa kila siku, na mtu mzima anayerudi kutoka ugenini anahitaji majirani kuliko anavyohitaji roshani. Mji wa Waswahili wa kale ulilijua hilo. Uliweka baraza nje ya mlango, ambapo mpita njia angeweza kuketi bila kualikwa. Ila ninaipendelea katika njeo moja tu. Wanunue nyumba ya -me-, ambayo watu tayari wanaishi ndani yake, tena waongee na watu hao juu ya ada, maji ya bomba na umeme. Nyumba ya -ta-, iwe nzuri namna gani, ni ya wenye fedha za kupoteza. Akiba ya miaka ishirini ya kufagia na kutunza wazee wa watu wengine si fedha ya namna hiyo.

Hapo ningeweza kuishia, lakini mhakiki ana wajibu wa kukiri alipopendelea. Mama mdogo aliponirudishia rasimu ya pili alikuwa ameweka mstari chini ya neno moja. Mahali palipohusu ada ya huduma mimi nilikuwa nimeandika "kodi". Akaniuliza: "Kodi analipa mpangaji. Wewe unataka tujione wapangaji?" Sikuwa na jibu, kwa maana alikuwa amenisoma sawasawa. Hapa Kamenge kipo kiwanja cha babu, kimezungushiwa ukuta usiokwisha, na kwa miaka yote niliyoishi nimesikia kwamba siku moja baba mdogo atarudi akijenge. Nilipokuwa nikitafsiri Mombasa na Unguja, nilikuwa nikichagua, bila kukusudia, maneno ya kumkatisha tamaa. Nililaumu picha kwa kuficha njeo, kumbe nami nilikuwa na -ta- yangu, niliyoificha ndani ya tafsiri: atarudi, atajenga, tutakaa pamoja.

Nikamwambia baba mdogo ukweli huo. Akanyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema: "Mwanangu, mimi Kamenge niliondoka usiku. Nikija nakuja kuwaona ninyi, sitakuja kulala." Neno hilo halimo katika karatasi yoyote niliyotumiwa, lakini ndilo lililokuwa limeandika ombi lake tangu mwanzo. Mtu huyu hakuwa akitafuta anasa ya mawimbi. Alikuwa akitafuta mahali pa lugha yake ambapo hakuwahi kukimbia kutoka. Matangazo yalimwona kama mtalii, mimi nilimwona kama mtoro, na kati yetu hakuna aliyemsoma vizuri.

Nilirekebisha tafsiri. "Kodi" ikawa "ada". "Kuna" zikagawanyika: nyingine zikabaki, nyingine zikawa "kunajengwa", nyingine "kutakuwa na". Mwishoni niliongeza ukurasa mmoja wa maswali kwa wauzaji wa pande zote mbili: ukodishaji unaisha mwaka gani, hati itatoka kwa jina la nani na lini, ada ilikuwa kiasi gani kila mwaka tangu watu wahamie, na bamvua kubwa kuliko zote lilifika wapi. Hawajalipa bado. Mwezi wa saba watapita Unguja wakija kutuona, na mama mdogo ameshaulizia kwa ndugu zake ratiba ya maji. Anataka kufika Fumba asubuhi, maji yakiwa yamepwa.